Siku Korali Ilipokuja Kuishukuru Seva

Mpaka leo nikisikia kuku analia mahali pasipo pa kuku, dukani ama ofisini, masikio yananiwaka moto, na walionizoea hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka wanajua sababu, ila kwa kuwa kila mmoja anaisimulia kwa namna yake (wengine wameshafika kusema kuku alikuwa bata mzinga), heri niiseme mwenyewe, aibu yangu yote na chumvi kidogo.

Wakati huo kwetu Uvira vita bado vinaendelea, na mimi Asukulu, niliyesoma kompyuta miaka miwili kabla ya kukimbia, nilikuwa nimepata kazi Lilongwe, pale Old Town, kwa mama mmoja muuzaji wa jumla tuliyemwita Madam. Madam alikuwa na seva, yaani kabati la chuma lenye diski kumi na mbili zenye taa za kijani, na humo ndimo zilimokaa habari zote za mali, za duka kuu na za matawi ya Lumbadzi na Mponela. Kazi yangu ilikuwa kuitunza. Jumatatu alfajiri natoka kambini, Jumamosi jioni narudi nimechomekea shati, watu wananiita enjenia, nami siwakatazi.

Sasa, korali yetu, yaani kwaya ya kanisani, ilikuwa na kaseti ishirini na mbili zilizovuka ziwa ndani ya sufuria (kweli kabisa, sufuria, mfuniko umefungwa kwa kitenge). Zilirekodiwa nyumbani kabla hatujatawanyika. Kwenye kaseti ya saba anaimba mama yangu, ambaye yeye hakuvuka. Sina picha yake hata moja, nina sauti yake tu, na vumbi la Dzaleka lilikuwa limeanza kuila. Jumapili moja Mama Furaha, mkubwa wa korali, akanishika mkono mlangoni pa kanisa.

"We Asukulu, hii bande, hii kaseti ya mama yako, inaanza kulia sawa mbuzi. Na weye uko fasi ya mashini kubwa. Weka nyimbo zetu mule, zisikufe."

Ningejibu kwamba nitamwomba Madam ruhusa, yote haya yasingenikuta. Lakini enjenia mzima, aliyechomekea shati, akaombe ruhusa ya kaseti? Nikasema, "Hiyo ni kazi ndogo."

Basi kila Jumamosi duka likishafungwa nikawa naunganisha redio kaseti na kompyuta, nyimbo zinaingia kwenye seva, wiki hii kaseti mbili, wiki ijayo tatu. Na kwa kuwa mdomo wangu haujui kukaa, nikasimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba nyimbo zetu zimepata makao kwa Madam, mwanamke mwenye moyo mkubwa. Watu wakapiga vigelegele. Madam mwenyewe, bila shaka, hakuwa na habari.

Haukupita muda seva ikaanza kuwa nzito. Asubuhi wateja wamepanga foleni mpaka barabarani, Mponela wanapiga simu kuuliza sukari imebaki mifuko mingapi, na kioo kimeganda tu. Madam akaniambia, "Asukulu, tafuta ugonjwa." Nami nikautafuta kila mahali isipokuwa pale ulipokuwa. Nikasema ni nyaya, tukabadilisha nyaya. Nikasema ni joto, zikaletwa feni mbili. Nikasema ni vumbi la unga, nikapiga marufuku kufagia karibu na chumba cha seva. Nikawalaumu akina dada wa mauzo kwamba wanabonyeza kwa hasira (nikawafundisha kubonyeza kwa upole, Mungu anisamehe). Mwisho nikasema diski zimezeeka, Madam akaagiza mpya, nikazifunga kwa mbwembwe zote, na Jumatatu iliyofuata seva ikawa nzito kuliko Jumatatu zote nilizowahi kuziona.

Ndipo Madam akamwita fundi kutoka Blantyre, Bwana Banda, mzee mpole mwenye miwani. Nilimsubiri afungue begi la vyuma. Wapi! Alivuta kiti, akaomba chai, akaanza kuwauliza akina dada maswali, mmoja mmoja.

"Inakuwa nzito saa ngapi?"

"Asubuhi, mpaka kwenye saa tano. Baadaye inakimbia vizuri."

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno. Na kila Jumatatu inazidi kidogo, hairudi nyuma tena."

Bwana Banda akaitikia kwa kichwa, akaangalia kwenye kioo ni nini hasa diski zinafanya muda ule. Kumbe zilikuwa zinanakili. Kila usiku seva hujinakili yote kwenye kanda ya akiba, kazi iliyokuwa inaisha kabla ya jua kutoka, lakini mzigo ulikuwa umekua mpaka kunakili kunawakuta wateja mlangoni, na diski zile zile zinavutwa huku na zinavutwa kule. Diski hazikuwa na ugonjwa wowote. Zilikuwa zimechoka kubeba.

"Kuna mafaili makubwa yameongezwa," akasema. "Nani kayaweka?"

Macho yote kwangu. Nilijua nikisema kweli yatafutwa, na mama yangu yumo humo, na kaseti yake yenyewe ilikuwa imeshakatika wiki mbili nyuma. Nikasema, "Labda ni virusi."

"Virusi vinavyoingia Jumamosi jioni peke yake?"

"Basi vifute," akasema Madam.

Kidole cha mzee kikaenda kwenye kibonye. Na hapo hapo, huko dukani, nikasikia ngoma.

Wapendwa, korali yetu ina desturi, mtu akikutendea wema unaenda kumshukuru kwa wimbo na kwa kuku. Waliingia watu kumi na mmoja wamevaa sare, wamekatiza katikati ya foleni wakiimba, Mama Furaha mbele na kuku kwapani, mpaka mlango wa chumba cha seva, na mzee akaondoa kidole kwenye kibonye.

"Njo wewe Madam? Mungu akubariki sana, mama! Tulikuya kushukuru. Ulipatia nyimbo zetu nyumba, Asukulu alitushuhudia batu yote ku kanisa!" Kisha akachungulia kabatini. "Na njo hii mashini? Aksanti, mashini!"

Kuku akamponyoka, akaruka juu ya seva, akajisaidia.

Nilitamani ardhi inimeze. Wateja walicheka, akina dada wa mauzo walicheka mpaka wakashikana, na kwa kuwa Madam hakujua Kiswahili, ilibidi niwatafsirie wote wawili, yeye na Mama Furaha, kila neno, ushahidi dhidi yangu mwenyewe nikiutoa kwa lugha mbili. Madam akanigeukia.

"Uliogopa kuniomba," akasema, "lakini hukuogopa kuninunulisha diski?"

Bwana Banda akavua miwani, akafuta machozi ya kicheko, akatoa begini diski moja ndogo ya zamani na kuhamishia nyimbo zote humo. Ili ahakikishe hazijaharibika akafungua moja tu, nayo ikawa ya kaseti ya saba. Mama yangu akaimba katikati ya magunia ya mchele Old Town, safi kabisa, na korali ikamwitikia pale pale. Nililia mbele ya wateja, sioni haya kusema.

Kesho yake kufikia saa mbili seva ilikuwa inakimbia. Kuku alibaki kwa Madam na kutaga vizuri, na kila Jumatatu Madam ananiuliza mbele za watu, "Enjenia, korali imelala leo?"

Siku hizi mashine ikiwa nzito sigusi waya. Nauliza saa ngapi, tangu lini, na nani kaongeza nini, na hilo la mwisho naanza kujiuliza mwenyewe. Ruhusa naomba mpaka ya kufungua dirisha, wanicheke wanavyotaka. Mama yangu alivuka ziwa ndani ya sufuria bila kudhurika, kisha nusura afutwe na kidole kimoja tu cha fundi, kwa sababu mwanawe aliona haya kusema naomba.