Hodi Juu ya Paa

Miezi mingi Hayat, mpiga picha za harusi wa mtaa wa Umoja, alihangaikia leseni ya kurusha droni kibiashara. Aliyakariri masharti yote: asiruke juu mno, asikaribie njia za ndege. Lakini hamu yake hasa ilikuwa kuuona mtaa wake kutoka juu.

Siku aliyopata kibali akairusha. Kwenye simu yakatokea matangi ya maji, nguo zilizoanikwa, kisha jirani yake Bi Salme juu ya paa, kichwa wazi, nywele zimejaa hina.

Sauti ya Bi Salme ilishuka ngazi kabla yake. "Hayat! Wanichungulia nywele, huna haya?"

"Shikamoo, Bi. Nina leseni, tazama."

"Hiyo umepewa ya angani. Kwangu ulipiga hodi?"

Katika masharti yote yale, hodi haikumjia Hayat akilini.

"Nisamehe, Bi. Naifuta picha hiyo sasa hivi."

"Futa nikiona!"

Kidole kilipokaribia kufuta, Bi Salme akamdaka mkono, macho yamemganda kwenye simu.

"Ngoja kwanza. Hebu sogeza kule kwenye paa la Mama Kiema. Ile sufuria si yangu?"