Mfinyanzi na Mdomo wa Deodata
Mfinyanzi wa Nyakisasa akibonyeza chungu kibichi kwa kidole gumba, anajua kama kitapasuka motoni. Akibonyeza tumbo la mjukuu wake Deodata, wa mwaka na nusu, hajui kitu. Jana mtoto alikula ndizi na maharage mpaka akalamba sufuria. Leo kaziona tu, kafumba mdomo. Uji wa mtama kaumwaga. Kiazi kitamu kampa kuku.

“Ndizi zimekukosea nini wewe bibi kizee?” mfinyanzi akamtania mjukuu.

“Taki!” Deodata akakataa.

Kesho ni kupima uzito kliniki, na mama mtu, Adventina, kapiga simu kutoka Biharamulo: “Mama, kilo zikishuka tena nakuja kumchukua.”

Mfinyanzi huwa hali chakula kabla mtoto hajashiba. Leo alichoka, akageukia ukuta kwa aibu, akamega ndizi, akatia kinywani. Mara kanga ikavutwa. Akapeleka tonge nyuma bila kugeuka; likachukuliwa. La pili nalo. Miguu ikafa ganzi, naye hakuthubutu kugeuka, vidole vikilambwa mpaka sahani ikabaki tupu. Kesho ampikie nini, na ageukie ukuta upi, hata yeye hajui.