Inchi tatu za kwenda juu

Saa moja na robo asubuhi, fundi amepiga magoti katika chumba cha ghorofa ya tatu, anavunja meza aliyoimaliza juzi yeye mwenyewe.

Hatumii nguvu. Ameitega patasi kwenye mguu wa meza, anagonga kidogo, anasikiliza, anagonga tena. Mguu unapasuka kipande baada ya kipande kwa kufuata nyuzi za mti. Kila baada ya dakika kumi hivi anaiweka patasi sakafuni, analishika bega la kulia kwa mkono wa kushoto, anavuta pumzi, kisha anaendelea.

"Huu mguu umeshakufa," anasema bila kuinua macho. "Ninachookoa hapa ni ulimi."

Ulimi, kwa maseremala, ni ncha ya ubao iliyochongwa ili iingie kwenye tundu la ubao mwingine. Meza hii ya kompyuta haina msumari hata mmoja. Ndimi zimeingizwa kwenye matundu, zikatiwa gundi, zikapigiliwa vijiti vya mti, ndoa ikafungwa. Kwa sababu ya kazi za namna hiyo, mtaani fundi huyu anaitwa Bila Msumari, na wapo watoto wanaodhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Ubaya wake ni kwamba kazi kama hiyo ukiikosea huwezi kuifungua. Unaivunja.

Na hii imekosewa kwa neno moja tu.

Mwenye meza ni mpwa wake, binti wa dada yake mkubwa. Ni mwanamke mrefu kupita kiasi, anayeinama kwenye kila mlango kwa mazoea, hata ule usiohitaji. Kazi yake ni kusahihisha miswada ya vitabu vya shule kwenye kompyuta, hapa hapa chumbani kwake, saa tisa au kumi kwa siku. Kwa mshahara wa kazi hiyo analea wanawe wawili.

Alianzia kitandani, kompyuta ikiwa mapajani. Akahamia meza ya chakula, magoti yakawa yanagota chini yake. Kisha akanunua meza ya dukani, ya mbao zile za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Baada ya miezi saba ikabonyea katikati kama machela. Muda wote huo alikuwa akikaa upande, kiuno kimepinda, na mkono mmoja ukiwa mgongoni kila baada ya dakika chache. Mwezi uliopita daktari alimwambia maneno machache: abadilishe meza, la sivyo abadilishe kazi.

"Kazi nyingine sina," anasema. "Nikamwendea mjomba."

Bila Msumari ana miaka hamsini na tisa, na thelathini na minne kati ya hiyo ameitumia kwenye useremala. Zamani alitengeneza vitanda sita kwa mwezi. Siku hizi akipata kazi moja kubwa kwa mwezi anashukuru, maana watu wanakimbilia dukani. Bega lilianza kumsumbua mwaka jana. Aliambiwa alipumzishe kwa wiki sita, akalipumzisha siku kumi na moja. Mke wake anasema asubuhi anamvalisha shati kama mtoto wa chekechea, na nyumbani kwao meza ya chakula imewekewa karatasi iliyokunjwa chini ya mguu mmoja tangu mwaka juzi. Mganga hajigangi.

Kwa kuwa ngazi za jengo hili zina kona na mlango wa chumba ni mwembamba, meza iliyokamilika isingepita. Fundi alipandisha mbao ngumu kwa safari nne, akaanza kuunda humo humo chumbani. Kabla hajakata, mpwa wake alimpigia simu na kumwambia, "Mjomba, kwenye urefu ongeza inchi tatu."

Akaongeza. Meza ikatoka ndefu inchi tatu zaidi, kutoka ncha hii hadi ncha ile.

Kwa seremala, urefu ni wa kulala. Ule wa kusimama anauita kimo. Kwa sisi wengine, mpwa wake akiwemo, aliye mrefu ni yule anayefika juu. "Mimi naitwa mrefu tangu darasa la tatu," anasema huyo mpwa. "Ningejuaje kwamba kwa mjomba urefu ni wa kulala?"

Jumanne alipoketi kuijaribu, magoti yakagota pale pale. Mlango nao, ukizuiwa na ncha ya meza, ukawa unafunguka nusu, mtu anaingia kwa ubavu. Fundi anakiri kwamba aliona aibu mpaka masikio yakamwasha. Angekuwa mteja wa nje, fundi angemchorea picha na kumwonyesha vipimo vyote, lakini kwa mtoto wa dada yake aliona picha ni kama kutomwamini.

"Wanasema majuto ni mjukuu," anasema. "Haya yangu ni mpwa."

Kesho yake mpwa huyo alipanda ngazi na matofali manne kwenye mfuko. Alikuwa amemwona mjomba wake akishindwa kuinua mkono kuzima taa. Akasema wainue meza kwa matofali, mlango watauzoea, yaishe. Haikuwa dharau. Alimwonea huruma.

Fundi aliyatazama matofali yale kwa muda mrefu, na mwenyewe anasema alitamani sana kukubali. Miguu minne mipya ni siku nne za msumeno, randa na patasi, kwa bega ambalo halimalizi nusu saa bila kulalamika. Mwishowe akayarudisha kwenye mfuko.

"Tofali linasogea," alimwambia. "Kiti kikigonga mguu meza itayumba, na wewe utajikunja kuizuia. Tutakuwa tumerudi kule kule kwa daktari."

Hivyo Alhamisi hii anapasua miguu ili zipone ndimi za mbao fupi zinazoiunganisha. Zile ndefu mbili atazipunguza inchi tatu na kuzichongea ndimi upya, na uso wa meza utakatwa vilevile. Ijumaa anatoboa matundu mawili tu ya miguu mipya, bega linagoma, anarudi nyumbani saa sita mchana. Jumamosi anafanya kazi akiwa ameketi, kiwiko amekibana ubavuni. Jumapili jioni anaipaka gundi, anaibana kwa kamba, anaiacha ikauke.

Jumatatu asubuhi mlango unafunguka wote. Mpwa anavuta kiti, anaingiza miguu chini ya meza taratibu, kama mtu anayeingiza mguu kwenye maji asiyoyajua. Magoti hayagusi kitu. Anasema, "Asante, mjomba," anawasha kompyuta, na kazi inaanza.

Fundi haondoki. Ameketi juu ya sanduku lake la zana karibu na dirisha, mkono wa kulia umelala mapajani. Ana mipango yake: safari hii atazimaliza wiki sita za mapumziko, na kuanzia sasa kila mteja atachorewa picha, hata akiwa mama yake mzazi. Lakini leo anataka jambo moja.

"Nimwone akifanya kazi saa nzima bila kushika kiuno," ananong'ona. "Saa nzima tu. Nikiliona hilo, nitakwenda kulala."

Mpwa wake alianza saa tatu kamili. Saa ya ukutani sasa inasema saa tatu na dakika hamsini, na mikono yake yote miwili ingali mezani.