Watoto Waliofichwa wa Mahabibo

Bi Koulsoum alikuwa mkunga wa Mahabibo, na katika mtaa ule wa Mahajanga ilikuwa kazi kumpata mtoto ambaye hakupokelewa na mikono yake. Kwao hasa ni Marodoka, kisiwani Nosy Be. Mumewe Hassane, mchukuzi wa bandarini na Mngazija kama yeye, ndiye aliyemleta Mahajanga. Hassane alipofariki watu walidhani mjane atarudi kwao. Hakurudi. Alisema hawezi kuwaacha wanawake wa Mahabibo wazalishwe na watu wasiojua hata majina ya mama zao.

Kuna jambo alilotoka nalo Marodoka. Alipokuwa msichana, siku za Wafaransa, alikuja karani na daftari akaandika wanaume wa kila nyumba. Serikali inataka tu kujua idadi ya watu wake, alisema, na watu wakamwamini, wakampa na chai. Miezi miwili baadaye walioandikwa wakakusanywa na kupelekwa bara kwenye kazi ya lazima, kuchimba njia. Kaka yake, Allaoui, alikuwamo. Nyumbani ilirudi habari yake, yeye mwenyewe hakurudi.

Basi uhuru ulipopatikana, na chama cha madaktari wa jimbo kikaanza kuja Mahabibo kila mwaka mvua zikikatika, Bi Koulsoum alikitazama kwa jicho la pembeni. Kwa wiki nzima madaktari walikaa shuleni na mizani yao. Walipima uzito wa watoto, wakawachanja ndui, wakawatazama macho na matumbo, na kila kitu wakakiandika. Walisema mwisho wa wiki wanaipelekea serikali taarifa, kuidai kile ambacho watoto wamekosa.

Bi Koulsoum alisikia, hakuafiki. Sokoni kitu hakipimwi ila kwa kuuzwa. Na maswali yao? Nyumba hii inateka maji wapi, baba anafanya kazi gani, watoto wangapi wamekufa. Hakuna mtu anayeuliza habari za maiti wa mwenzake bila sababu. Daktari mkubwa mwenyewe, Ravelo, alikuwa mtu wa nyanda za juu, mgeni wa pwani, mpole kupita kiasi, na upole wa mtu mwenye kalamu Bi Koulsoum alikuwa ameshauona.

Hakwenda kupiga kelele barabarani. Alipita nyumba hadi nyumba, kama apitavyo siku zote, akawaambia kina mama wawapeleke wale wanene, wapate chanjo yao, ndui haina mchezo. Wale waliovimba miguu na kugeuka nywele rangi ya kutu wabaki ndani. Mtoto mgonjwa akiandikwa, alisema, hujui ataitwa wapi kesho. Wakamsikiliza. Utamkatalia vipi aliyekukata kitovu? Ikawa hivyo mwaka wa kwanza, ikawa hivyo wa pili.

Mwaka wa tatu mgonjwa alikuwa nyumbani mwake. Mjukuu wake Mohamadi, mtoto wa binti yake Chamsia, alikuwa na umri wa miaka miwili, na kila ukibonyeza mguu wake kidole kinaacha shimo. Walimlaza nyuma ya pazia. Siku ya tano ya wiki ya madaktari, muuguzi Faouzia akabisha hodi. Alikuwa binti wa mzee Mroivili wa Ampisikina, mtaa wa jirani, Mngazija mwenzao aliyeheshimiwa, kwa hiyo hakuweza kufukuzwa mlangoni.

Faouzia alikaa ukingoni mwa mkeka, akatoa karatasi, nakala ya taarifa ya mwaka jana. Alisema chama kilikuwa kimeomba maziwa ya unga na mahali pa kuwalishia watoto waliodhoofika, na serikali imekubali kutoa mahali pamoja tu. Patakuwa upande wa pili wa mji. Mahabibo haihitaji, kwa kuwa miaka miwili mfululizo watoto wake wamekutwa karibu wote wazima.

"Nani amekutuma uniambie haya?" Bi Koulsoum akauliza.

"Hakuna. Ila nimezaliwa hapa jirani, koko, na macho ninayo."

Alimwita koko, yaani bibi, kama waitavyo Wangazija, na Bi Koulsoum akazidi kuingiwa na shaka. Aliona huo ni mtego wa kuwatoa watoto nje. Akaiomba ile karatasi, na muuguzi alipokwenda zake akaipeleka kwa Djaanfar, jirani aliyewahi kuwa karani bandarini na aliyejua Kifaransa. Hakumwambia chochote, ila amsomee Mahabibo imeandikwaje.

Djaanfar akavaa miwani. "Watoto mia na arobaini wametazamwa," akasoma. "Waliodhoofika kwa kukosa lishe, wawili."

Bi Koulsoum akamtaka arudie, naye akarudia. Wawili. Yeye alikuwa akizijua kwa vidole nyumba kumi na tisa zilizoficha watoto. Alisimama pale barazani kwa Djaanfar asijue la kufanya na mikono yake. Daftari alilolikimbia lilikuwa limeandikwa uongo, na uongo wenyewe aliutunga yeye.

Asubuhi iliyofuata, siku ya mwisho, alipita tena nyumba zilezile. Wengine walimwuliza mbona leo anageuza maneno, na baadhi hawakufungua. Kina mama kumi na sita walimfuata hadi shuleni, Chamsia mbele na Mohamadi mgongoni.

Daktari Ravelo alipouona ule mstari hakufurahi, alikunja uso. Kupitia kwa Faouzia akauliza hawa wametoka wapi. Mwaka jana wiki nzima wawili, na leo, baada ya kusikika habari za maziwa, kumi na sita? Alihisi wamekusanywa kutoka vijiji vya nje.

Bi Koulsoum hakutarajia hilo. Alikuja na shaka yake, akakuta na mwenzake anayo.

"Hawa wote nimewapokea mimi," akasema. "Niulize."

Daktari akamwuliza kweli. Akaonyesha mtoto mmoja baada ya mwingine, na Bi Koulsoum akataja jina la mama, nyumba, na wakati: huyu wiki ya kimbunga, huyu siku tatu kabla ya mfungo, huyu alitanguliza miguu. Faouzia akalinganisha na daftari la chanjo la ndugu zao. Hapakuwa na kosa.

"Kwa nini mliwaficha?" daktari akauliza.

Bi Koulsoum akamweleza habari za Marodoka, kwa maneno machache. Daktari akasema, "Mimi naandika ili wapewe chakula. Atakayeisoma karatasi hii baada yangu siwezi kukuapia."

Jibu hilo lilimtuliza Bi Koulsoum kuliko ahadi. Hata hivyo alitaka kila jina alisomewe kwa sauti kabla ya mtoto kuondoka mezani, na akasomewa.

Chama kiliandika taarifa upya na kuipigania. Maziwa yalifika Mahabibo baada ya miezi minne, pungufu ya yaliyoombwa. Mohamadi alipona, akaanza kutembea. Mtoto wa Zaïnaba, mmoja wa kina mama waliomsikiliza Bi Koulsoum, alikuwa amefichwa miaka yote miwili; alikufa kabla hayajafika.

Kila mwaka tangu hapo, wiki ya madaktari ikifika, Bi Koulsoum alisimama kando ya mizani tangu asubuhi, mikono nyuma, akisikiliza kinachoandikwa. Madaktari walimzoea, ingawa hawakumpenda wote.

Zaïnaba alimjibu salamu siku zote wakikutana sokoni. Lakini alipopata mimba nyingine hakumwita, alikwenda kujifungulia hospitali. Bi Koulsoum alizipata habari kwa majirani, kwamba ni msichana na ana afya. Akapeleka kanga mpya kwa mkono wa Chamsia, yeye mwenyewe hakwenda.