Mavyaa Alivyochagua Taili za Bafu

Tulipokuwa tukimalizia nyumba yetu ya Mtopanga, mume wangu aliniachia mimi kazi ya kuchagua taili za bafu. Nilikuwa na mimba ya miezi sita, ya mtoto wetu wa kwanza. Tangu tuoane tulikuwa tumepanga chumba Changamwe, ambako nyumba nzima tulioga bafu moja lenye sakafu ya simiti iliyochimbika. Kila asubuhi niliingia mle na ndoo yangu nikiliwaza bafu langu mwenyewe, jeupe, linalong'aa. Nilishaamua kabla sijafika dukani.

Mavyaa, mamake mume wangu, alisikia kwamba nakwenda. Akavuka feri kutoka Likoni bila kuitwa, akanikuta mlangoni navaa viatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Twende sote, nami nikaone."

Sikuweza kumkatalia, ila moyoni nilinuna. Dukani nilikwenda moja kwa moja kwenye taili nyeupe zenye maua ya buluu pembeni, laini kama sahani, nikasema nimepata. Mavyaa alimgeukia muuzaji akamwomba maji.

Muuzaji alidhani ana kiu, akamletea glasi. Mavyaa alimshukuru, akailaza taili yangu chini, akaimwagia yale maji yote. Kisha akavua ndara, akainua buibui kidogo, akanishika bega na kuikanyaga. Mguu ukateleza papo hapo.

"Nyengine," akasema.

Wateja walianza kutugeukia. Mimi nilijifanya nasoma bei za mifereji ya bafuni. Alijaribu taili kama saba, na yule muuzaji, aliyekuwa akitabasamu mwanzoni, sasa alikuwa akimchagulia mwenyewe na kumletea kitambaa cha kupangusia mguu. Mwisho mavyaa akasimama juu ya taili ya kijivu, yenye vinundu vidogo vidogo. Akaomba na sabuni. Akasugua kisigino mbele na nyuma. Mguu haukusogea.

"Ni hii."

"Mama, hii ni ya uani," nikamwambia. "Bafu litakuwa na kiza."

"Mtatia taa."

Tukanunua za kijivu. Jioni nilimwambia mume wangu kwamba mamake amejichagulia yeye, kwa sababu anapanga kuja kuzeekea kwetu. Akaniambia jambo ambalo sikuwa nimelisikia. Kabla yake yeye, mamake alikuwa na mimba nyingine. Babake alikuwa ametia chooni sakafu mpya, ya simiti iliyosuguliwa ikawa laini, na watu wakija kuitazama. Mimba ilipofika mwezi wa saba, mavyaa aliteleza pale. Mtoto hakuishi.

"Yeye hajawahi kunieleza," mume wangu akasema. "Niliambiwa na shangazi."

Sikumtajia mavyaa kwamba najua. Sikujua ningeanzia wapi. Lakini tulipohamia, nilimwomba mwenyewe aje akae nasi mpaka nijifungue, naye akaja na kijisanduku chake. Kila nilipoingia kuoga aliweka kigoda nje ya mlango, akanisimulia habari za Likoni: nani ameoa, nani amehama, mbuzi wa nani amekula maua ya nani. Nikinyamaza kidogo aliniita kwa jina.

"Abee, mama," niliitika, maji yakinichuruzika usoni, naye akaendelea na hadithi yake.

Binti yetu alizaliwa salama, na mavyaa hakurudi tena Likoni ila kutembea. Tuliishi naye miaka mingi, mpaka alipotutoka. Sakafu ile ya kijivu hushika uchafu baina ya vile vinundu, na binti yangu huilalamikia kila anaposhika brashi. Mwaka jana fundi alipokuja kututengenezea jikoni aliniuliza kama ang'oe na taili za bafu, maana sasa kuna nzuri zaidi. Nilimwambia aziache. Alipoondoka, nilichukua brashi nikaingia kuzisugua mwenyewe.