Petroli ya Kumfikisha Mama Hospitali

Mama alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki katika hospitali kubwa ya Mwanza, ile iliyo juu ya kilima, na alikataa katakata kuhama kwake. Kwake ni ng'ambo ya ziwa, mwendo kidogo kutoka Busisi, katika nyumba aliyoijenga kwa pamba na ukaidi. Mimi nilikuwa nakaa Nyegezi. Kwa hiyo kila Jumatatu na Alhamisi jioni nilivuka kwenda kulala kwake, asubuhi nikamvusha, nikamsubiri kwa muda wa saa nne akiwa kwenye mashine, kisha nikamrudisha. Daraja la kuvukia ziwa lilikuwa bado halijafunguliwa. Nguzo zake tulizitazama tukiwa ndani ya kivuko.

Gari aliniachia marehemu mume wangu. Lilikuwa la petroli, silinda sita, lina keria nzito ya chuma juu na matairi mapana. Watu walinishauri nitafute kigari kidogo. Lakini mama akitoka kwenye mashine hakuweza kukaa, ilibidi alale. Viti vya nyuma vya gari lile vilikunjika, godoro likaingia vizuri, na barabara ya kwake ikinyeshewa mvua, kigari kidogo hakipiti. Sikuwa na la kufanya ila kulipunguzia gari njaa.

Aliyenisaidia alikuwa fundi mmoja pale Usagara, mzee mwembamba asiyependa maneno. Siku ya kwanza nilimwamkia, akaitikia, akazunguka gari mara moja, kisha akagusa rimu ya nyuma kushoto na kuondoa mkono haraka.

"Breki ya gurudumu hili inang'ang'ania," alisema. "Unaendesha huku umelishika gari, mama. Litaachaje kula?"

Akaifungua, akaisafisha, akaipaka grisi. Akatoa chujio la hewa na kulikung'uta mbele yangu. Vumbi lililodondoka lingetosha kusiriba ukuta. Akabadilisha plagi, akajaza upepo matairi yote, akaniambia niiteremshe ile keria kwa sababu upepo unaikamata. Mwisho akaketi pembeni yangu, tukaenda na kurudi barabara ya Misungwi.

"Ona lile lori mbele. Linasimama. Kwa nini bado unakanyaga?"

"Nalifuata."

"Inua mguu sasa, usingoje kufunga breki. Ukiinua mguu na gia ikiwa ndani, injini inajinyima mafuta yenyewe. Ukiondoka, ondoka kama uliyejitwika ndoo imejaa." Tulipoteremka mlima mdogo aliniwekea mkono juu ya usukani. "Kitu kimoja usifanye. Usizime injini kwenye mteremko. Wapo wanaofanya hivyo. Injini ikizimika, breki inakuwa jiwe."

Nilimwambia nimeelewa. Na kweli, mwezi ule mshale wa mafuta uliokuwa ukishuka chini ya nusu kila safari ulibaki juu ya nusu. Nilijivuna. Nilianza kuwatazama madereva wenzangu wanaopaa kutoka kwenye matuta kama watu wanaomwaga uji.

Kisha petroli ikaadimika. Kwanza vituo viwili vya mjini, baadaye vyote. Pampu zilifungwa kamba, na watu walilala na madumu yao kwenye foleni. Wiki hiyo mama alikuwa ameshakosa siku moja kwa sababu ya homa, na daktari alinivuta pembeni akaniambia hiyo moja imetosha, asikose nyingine. Alhamisi jioni nikavuka na kilichokuwemo kwenye tangi, nikiamini nitapata chochote Sengerema. Sikupata.

Asubuhi ya Ijumaa miguu ya mama ilikuwa imevimba mpaka ngozi inang'aa. Hakulala kwenye godoro; akilala alikosa pumzi. Nilimketisha mbele, nikamfunga mkanda.

"Mafuta yapo?" aliuliza.

"Yanatosha, mama."

Mshale ulikuwa umeugusa mstari mwekundu.

Busisi tulikuta foleni ndefu. Nilizima injini, nikashusha vioo. Kila foleni ilipojivuta magari mawili, mimi nilisubiri nafasi ifike magari sita ndipo niwashe, na wa nyuma yangu akapiga honi na kunitukana. Sikugeuka. Nilikuwa nasikiliza pumzi za mama, fupi fupi, kama mtu aliyepanda ngazi.

Tulipovuka na kutoka Kigongo, taa ya mafuta iliwaka. Niliifunika kwa kidole gumba mama asiione, kisha nikaona ni upuuzi, nikakiondoa. Nilizima feni. Niliendesha taratibu hata baiskeli moja ikatuambaa kwa muda mrefu kabla sijaiacha. Kabla ya Usagara kuna mteremko mrefu, na nilipofika juu yake nikaona barabara tupu, imenyooka mbele yangu, na nikawaza: hapa naweza kupata kilomita nzima ya bure.

Nilijua nilichoambiwa. Niliweka gia huru, nikarudisha ufunguo hatua moja, injini ikanyamaza.

Ukimya ule ulikuwa mtamu. Tulisikia matairi tu. Gari likaongeza mwendo lenyewe, nikagusa breki, likaitikia, nikagusa tena. Hapo ndipo ng'ombe walipotoka kwenye mtaro wa kulia, wa kwanza, wa pili, kisha kundi zima likajaa barabarani.

Nilikanyaga. Pedali haikushuka. Nilisimama juu yake kwa miguu miwili, nikahisi kama nakanyaga sakafu. Usukani nao ukawa mzito, umegoma. Mama hakupiga kelele. Alinyoosha mkono wake wenye uvimbe, akaushika usukani upande wake, akauvuta nami. Gari likaingia kwenye ukingo wa kushoto, changarawe ikaruka, mguu wangu ukaendelea kusukuma, na mwendo ukafa polepole mno, hadi tukasimama. Ng'ombe mmoja mweusi alikuwa karibu na taa kiasi kwamba pumzi yake iliacha ukungu juu ya kioo cha taa.

Mchungaji, mtu mzima mwenye fimbo, alikuja mpaka dirishani. Nilidhani atanigombeza. Alimtazama mama, akamtazama miguu.

"Mayu, mnampeleka hospitali?" aliuliza, akiniita mama kwa Kisukuma.

"Ndiyo."

"Basi nendeni." Akawaondoa ng'ombe wake kwa mluzi, bila neno jingine.

Nilishika ufunguo niwashe. Mama alikuwa ananitazama.

"Ulizima gari," alisema.

"Nilizima."

"Kwa sababu mafuta hayatoshi."

Niliwasha, nikaliingiza gari barabarani.

Njiapanda ya Usagara kijana wa bodaboda alituambia kwamba Misungwi kuna kituo kimeshusha petroli asubuhi ile, yeye ameambiwa na mwenzake. Misungwi ilikuwa kulia, kusini. Hospitali ilikuwa kushoto. Kama habari ni ya kweli, tungerudi na tangi limejaa, ingawa tungechelewa zamu ya mashine. Kama ni uvumi, tungeishia porini. Nilibaki pale na indiketa bila kujua niiwashe upande gani.

"Wewe umeyaona hayo mafuta?" mama alimuuliza kijana.

"Hapana, mama. Nimesikia."

"Twende hospitali," aliniambia.

Toka hapo sikuzima tena. Nilifanya yale tu ya halali: mguu mwepesi, jicho mbali, kuinua mapema. Buhongwa, Mkolani, Nyegezi. Nilipita karibu na nyumba yangu mwenyewe bila kuitazama. Mjini nilimshukuru Mungu kwa kila gari lililonipisha. Kilichobaki kilikuwa kilima cha hospitali, na kwenye kilima petroli kidogo hukimbilia upande mmoja wa tangi. Tulifika katikati. Injini ilikohoa, ikavuta, ikakohoa tena, ikafa. Nilivuta breki ya mkono, nikashuka mbio, nikaweka mawe mawili nyuma ya matairi.

Nilipanda hadi getini kwa miguu. Mlinzi alikuja na kiti cha magurudumu, na kinamama wawili waliokuwa wanauza maembe wakaacha mabeseni yao, sote wanne tukamsukuma mama kupandisha kilima. Kanga yangu ilidondoka, na sijui aliyeiokota. Muuguzi alipomuunganisha na mashine, zamu ya mama ilikuwa bado haijapita.

Niliketi kwenye benchi pembeni ya kitanda. Ndipo nilipoanza kulia, na nilijitahidi kulia bila sauti. Baada ya muda pumzi yake ilitulia, nikadhani amesinzia.

"Nimekaa miaka miwili nikikukatalia," alisema macho yakiwa yamefumbwa. "Nilijiambia, huu ugonjwa hautanitoa kwenye nyumba yangu. Na bado nasema hautanitoa. Lakini leo nimekuona umesimama juu ya ile breki. Nitahamia kwako. Usinibembeleze wala usinishukuru, nisije nikabadilisha mawazo."

Sikumbembeleza. Nilimwambia chumba cha mbele kina dirisha linalotazama ziwa.

"Ziwa nimeliona tangu nizaliwe," alisema. "Nipe kile cha nyuma, kina kivuli."

Ijumaa hiyo hiyo gari la wagonjwa la hospitali lilitushusha Nyegezi, langu likabaki kilimani, na mama akalala kwenye kitanda changu, kwa sababu hapakuwa na mafuta ya kumrudisha hata angetaka. Wiki mbili baadaye, petroli iliporudi, tulivuka kwenda kuchukua vitu vyake. Alifunga milango mwenyewe, mmoja mmoja, akampa jirani funguo na kuku, akachagua sufuria mbili na kuacha saba. Nilimpitia fundi siku hiyo nikamweleza nilichofanya. Alinisikiliza hadi mwisho huku akifuta spana kwa tambara, kisha akaondoka kwenda kushughulika na gari jingine, na alikaa miezi mitatu hajanisemesha zaidi ya salamu.