Jiko la Mama Liko Sebuleni

Jiko la mama yangu liko sebuleni. Sisemi jikoni, nasema sebuleni, kati ya kabati la vyombo na picha ya harusi ya kaka yangu mkubwa. Limesimama juu ya matofali na limefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua mekundu. Ni jiko refu, jeupe, lina sehemu tatu za gesi na moja ya umeme, kifuniko cha kioo juu na oveni chini, na ndani ya oveni mna taa. Mgeni akiingia hukaribishwa kiti kinachotazamana nalo. Na wakati mgeni anakunywa chai na kulisifu, mama yangu yuko nje kwenye kibanda cha makuti, amekaa juu ya kigoda, anapuliza kuni na kukohoa.

Mara ya kwanza nilipoliona hapo nilishindwa kuketi. Nilisimama mlangoni na mfuko wangu mkononi, nikauliza nani aliyeliweka pale. Waliokuwa ndani walicheka, wakidhani nimefurahi.

Kifua cha Mama kilianza kumsumbua miaka mingi iliyopita, na kwa miaka hiyo yote sote tulikiita mafua. Mafua ya masika, mafua ya vumbi, mafua ya kuvuka mto asubuhi kwenda shambani. Mpaka siku nilipompeleka hospitali, daktari akamsikiliza mgongoni, akaniuliza anapikia nini. Nikasema kuni. Akasema mapafu yale yamekula moshi maisha yote na hayatarudi kuwa mapya, lakini akitolewa kwenye moshi sasa, bado ana miaka mbele yake. Asipotolewa, tusije tukasema hatukuambiwa. Aliyasema haya Mama akiwa palepale, anafunga vifungo vya gauni lake kama vile habari ilikuwa ya mtu mwingine.

Mimi nafundisha shule ya msingi hapa Garsen, na nyumbani kwetu ni kijiji cha kando ya mto, mwendo wa pikipiki. Kaka zangu wawili wako mbali, mkubwa Mombasa na mwingine Nairobi. Niliandika maneno ya daktari kwenye kundi letu la familia kwenye simu, neno kwa neno, na kwa haki yao niseme, hawakukawia. Siku hiyohiyo walikubaliana kwamba Mama anunuliwe jiko la kisasa. Nikawaombea baraka. Laiti ningejua.

Tatizo la kaka zangu ni kwamba wamekula chakula cha Mama tangu wazaliwe na hawajawahi kumtazama akikipika. Mama hajapika amesimama hata siku moja. Hukaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha upande kwa sababu ya magoti, na kila kitu kimemzunguka: mwiko, kata, chumvi, mbuzi ya kukunia nazi. Jumamosi huoka mkate wa mchele wa akina mama wa kanisani. Husaga mchele uliolowekwa, hutia tui, hamira na iliki, huumimina kwenye sufuria, kisha hupalia: makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Mkate huo hauachwi peke yake. Sharti ainame kila mara afunue, aangalie rangi, asogeze makaa, na hapo ndipo anapovuta moshi mwingi kuliko siku nyingine zote za wiki. Kwa hiyo oveni kwa Mama haikuwa anasa. Ilikuwa ndiyo dawa yenyewe.

Basi nikajipangia. Nilitaka jiko la gesi la sehemu mbili, lile la kuweka juu ya meza, lisilo na miguu, nilijengee kibaraza kifupi cha saruji ili Mama apike ameketi. Kando yake oveni ndogo, ya gesi pia. Umeme wa kijijini kwetu mvua ikinyesha huondoka na hurudi ukipenda, na mkate ulioumuka haungoji. Siku moja Mama akisonga sima, nilichukua uzi nikampima kutoka ardhini hadi kwenye kiwiko. Akauliza kama namshonea gauni. Nikamwambia namshonea jiko, akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

Na uzi wangu huo nikaenda kwenye duka moja la vyombo mjini. Swali la kwanza la mwenye duka lilikuwa bwana wangu yuko wapi. Nikamwambia yuko kazini kwake na mimi niko kwenye shughuli zangu. Hilo halikumridhisha. Nilipoulizia lile dogo alinipeleka kwenye lile refu. Nilipotoa uzi nipime, akaguna.

"Mama, hii kubwa ndio ya nyumba," akaniambia. "Ile ndogo ni ya wanafunzi wa chuo."

Akafungua mlango wa oveni taa ikawaka, akaniangalia usoni kuona kama nimezimia kwa raha. Nikauliza oveni inatumia gesi? Akasema inatumia yote. Nikainama, nikachungulia nyuma, nikaona waya wa umeme peke yake, hakuna mpira wa gesi unaoingia kwenye oveni hata mmoja. Nilipomwonyesha, alisema siku hizi umeme haupotei. Alisema hivyo jenereta ya jirani ikinguruma hadi tukalazimika kupaza sauti. Niliondoka dukani mashavu yakiwaka.

Nilituma picha ya lile jiko dogo kwenye kundi, nikaeleza habari ya magoti, ya umeme na ya mkate wa Jumamosi, nikasema oveni ndogo ya gesi naweza kuitafuta Malindi. Kisha kaka mkubwa akanipigia simu. Alianza kwa kunisifu, eti mimi ndiye macho yao kule nyumbani, na mimi nikisifiwa na yule mtu hujua nimekwisha.

"Dada, umtoe Mama kwenye kigoda, halafu umrudishe kwenye kigoda?" akasema. "Watu wataona watoto wake wote hawa wamemnunulia jiko la wanafunzi. Hapana. Mama asimame kama akina mama wengine."

Nikamwambia akina mama wengine hawana magoti yake. Akasema atazoea. Nikamwambia watu anaowaogopa hawana kifua cha Mama. Akacheka, akasema tangu utotoni mimi ni mtu wa vita, na akakata simu. Nilidhani mazungumzo yataendelea. Kumbe kwake yalikuwa yamekwisha.

Habari nilizipata kama walivyozipata watu wote. Picha ilitumwa kwenye kundi: Mama amevaa gauni la kanisani, amesimama kando ya lile jiko refu, mkono mmoja juu ya kioo. Lilikuwa limetoka Mombasa kwa lori, likashushwa Garsen, mtaa wa pili kutoka ninapoishi, likapakiwa kwenye tuktuk likapita zake. Chini ya picha kulijaa pongezi na mikono ya maombi. Binamu mmoja aliandika kwamba hatimaye Mama amepumzika. Nilisoma neno hilo, amepumzika, nikaiweka simu kifudifudi juu ya meza ya walimu.

Nilipofika nyumbani ndipo nikayaona matofali. Kwetu kila kitu cha thamani huinuliwa: godoro, sanduku, gunia la mpunga. Mto ukifurika maji huingia ndani bila kubisha hodi, kwa hiyo hata wakati wa kiangazi watu hawaachi kitu kizuri chini. Walioleta jiko walifanya kama kila mtu anavyofanya. Waliliinua. Jiko ambalo tayari lilikuwa refu mno kwa mama yangu sasa lilimfika kifuani. Ili achungulie ndani ya sufuria angelazimika kupanda juu ya kigoda, kigoda kilekile ambacho kaka yangu alikionea aibu.

Nilifunua kile kitambaa. Vitufe vya kuwashia vilikuwa bado na nailoni ya dukani. Mtungi wa gesi haujafunguliwa hata kizibo chake. Nikafungua oveni: mlikuwa na sahani za wageni, zimepangwa vizuri, na vikombe juu yake. Jiko zima la watu waliosoma, na kazi yake ni kabati.

Nikamuuliza Mama kwa nini halitumii. Akasema litachafuka. Nikasema majiko huchafuka. Akasema umeme umekatika tangu juzi. Nikasema sehemu tatu ni za gesi. Akasema akisimama magoti yanamwaka moto. Hilo ndilo nililolisema tangu mwanzo kwa watu wasiosikia. Kisha akaongeza kwamba hata hivyo hawezi kukihama kibanda, kwa sababu mbegu zake za mahindi zinaning'inia juu ya moto, na moshi ukikatika zitaliwa na wadudu. Nikamwambia mbegu ziachiwe moshi wao, lakini si lazima yeye akae chini yake kutwa nzima kana kwamba naye ni mbegu. Akaninunia.

Nikampigia kaka mkubwa simu palepale kibandani, nikamwacha asikilize kikohozi. Akaniambia ni suala la muda. Kila nikilikumbuka jibu hilo, damu hunichemka upya. Muda ndio kitu hasa ambacho daktari alisema Mama hana cha kuchezea.

Shule zilipofungwa nilipanda basi hadi Malindi. Nilizunguka maduka na uzi wangu, wengine wakanicheka, na nikalipata jiko la sehemu mbili, tambarare, na oveni ndogo ya gesi ambayo mlango wake unafunguka kwa chini, na kupitia kioo chake mtu aliyeketi anaweza kuona mkate ndani. Chumba cha nyuma cha nyumba ya Mama kina dirisha kubwa. Fundi alijenga kibaraza kwa kufuata uzi. Nilipanga kila kitu, nikaweka mwiko upande wake wa kulia na chumvi upande wa kushoto. Kwenye kundi kaka wa Nairobi aliandika kwamba kuna watu hawatulii mpaka waonekane wao.

Nilimwita Mama aje aone. Alikaa kwenye kigoda mbele ya kibaraza, akanyoosha mikono, ikafika sawasawa. Nilimwona usoni kwamba amependa. Kisha akainuka, akanishukuru kwa adabu ambayo mtu humpa mgeni, akaniambia nilichukue nikalitumie kwangu Garsen. Akatoka. Baada ya muda mfupi nikasikia kuni zinavunjwa kibandani.

Hapo hasira zangu zote za kaka zangu na za mwenye duka zilimgeukia mama yangu mzazi. Nilimfuata. Nilimwambia nitakibomoa kibanda kile kwa mikono yangu, makuti na miti, na nitazichoma mbegu zake. Nilimwambia amechoka kuishi na anatuchosha sisi. Mtoto hasemi na mama yake hivyo kwetu. Hakunikemea. Aliinuka, akanishika mkono, akanipeleka sebuleni, akaniketisha kwenye kile kiti cha wageni. Akafunua kitambaa na kupangusa kioo kwa ncha ya leso yake.

"Mwanangu, unadhani sijui kwamba hili siliwezi?" akasema. "Nalijua tangu siku liliposhushwa. Lakini siku nikifa, watu wataingia humu ndani. Wataliona. Watasema, huyu mama watoto wake walimtunza. Sasa nikianza kupikia lile lako, kila mtu atajua hili la kaka yako halikufaa kitu. Unataka nimwaibishe mwanangu?"

Nilikuwa na maneno mengi tayari kichwani, ya mapafu, ya gesi, ya ukaidi wake. Yote yalikosa kazi. Mama hakuwa amekaa kibandani kwa ukaidi wala kwa ushamba. Alikaa akavuta moshi kila siku, kwa hiari yake, ili mwanawe asionekane mjinga mbele ya watu watakaokuja matangani. Na sisi watoto wake, mimi na kelele zangu pamoja, hatukuwa tumemuuliza lolote.

"Mama," nikamwambia, "siku hiyo unayoitayarishia jiko, ndiyo ninayohangaika mimi kuisogeza mbele."

Alikirudisha kitambaa, akakilainisha kwa viganja mpaka maua yakakaa sawa. Kikohozi kikamjia akaegemea jiko, na nilingoja kipite, maana kikimshika hapendi kushikwa. Kilipomwacha alijifuta macho, akaniuliza kama lile dogo linaweza kuuivisha mkate juu ukawa mwekundu, ilhali hakuna makaa ya kupalia. Nikasema linaweza. Akasema lisipoweza atarudi kibandani kwake na nisimfuate. Nikasema sawa. Bado nilikuwa na hasira, sikumbuki hata nilikuwa namkasirikia nani. Nilikwenda chumba cha nyuma kuunganisha mpira wa gesi, naye akaenda kuloweka mchele.